Saa Waliyotaka Kuitia katika Mchezo wa Baba

Kwanza mnisamehe herufi zangu. Zinaegemea upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua, na pengine nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Nilisoma mpaka darasa la sita la shule ya msingi, nikaishia hapo. Kiswahili hiki cha kuandika nilikipata shuleni na katika Biblia ya mama. Nyumbani hatusemi hivi, kwa hiyo watu wangu wanapozungumza nimewaacha waseme kama wanavyosema. Mkikuta neno nimeliandika vibaya, lisomeni kwa sauti. Sikio lenu litanisaidia.

Ninaandika polepole sana. Mama anasema nikishika kalamu ninakuwa kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Nimeamua kuandika hivyohivyo, kwa sababu nataka kueleza habari za baba yangu na mchezo mmoja wa telefone, na jinsi mchezo ule ulivyokaribia kumtoka mikononi.

Tunakaa Likasi, upande wa Kikula, nyuma ya soko. Nyumba yetu baba aliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, tulipohama kutoka Shituru. Kule Shituru tulikaa katika nyumba ya kiwanda, mimi nikiwa bado mdogo. Baba alikuwa mkubwa wa ekipi katika kiwanda cha shaba. Kazi yake haikuwa kunyanyua vitu. Kazi yake ilikuwa kupanga watu: nani asimame wapi, nani awe karibu na nani, nani arudi nyumbani akalale. Mpaka leo wanaume wenye mvi wakikutana naye sokoni wanamsalimu kwa cheo, wanamwita Shefu, na wanatabasamu kama watoto wa shule.

Sasa ana ugonjwa wa kutetemeka. Ulianza kwa kidole kimoja, kikawa kinacheza peke yake mezani kama kinapiga ngoma. Halafu mkono. Halafu mikono yote miwili, na sauti nayo ikashuka. Chai tunammiminia nusu kikombe. Dama, ambayo alikuwa akiicheza na wenzake kila Jumapili baada ya misa, aliiacha siku alipovigonga vipande vyote vikaanguka chini, na wenzake wakainama kuviokota bila kumtazama usoni. Tangu siku hiyo akawa anakaa uani, kwenye kiti chake cha plastiki, anatazama ukuta wa jirani. Hakuwa mkali wala hakulia. Alikuwa tu hana mtu wa kumpanga.

Mchezo aliuleta kaka yangu, ambaye mimi namwita yaya. Yaya anachimba. Anaondoka Jumatatu na wenzake kwenda kwenye mashimo, anarudi Jumamosi na vumbi mpaka kwenye kope. Mchezo ule ulikuwa umepita mkononi mwa wachimbaji kutoka telefone moja kwenda nyingine. Jina lake ni la Kiingereza, nami sijui kulitamka, lakini Kikula wote waliuita Kupanga, kwa sababu ndiyo kazi yake yote. Umetengenezwa na watu wawili tu, kaka na dada, katika nchi ya mbali. Hakuna kampuni kubwa nyuma yao. Picha zake ni za kuchorwa kwa mkono, na ukitazama vizuri unaona mahali rangi ilipotoka nje ya mstari.

Unachezwa hivi. Kuna ubao wenye vyumba vidogo. Unao wapiganaji wa hadithi: mwenye ngao, mwenye upinde, jitu la mawe, mbwa mwenye mabawa, bibi mwenye fimbo anayeponya wenzake. Unamweka kila mmoja mahali pake. Walio wengi zaidi ya nafasi wanabaki pembeni, kwenye benchi. Ukimaliza unagusa pembe, pembe inalia, na tangu hapo huna amri tena. Wanapigana wenyewe, wewe unatazama tu.

Yaya alimpa baba telefone yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka kwenye kona, akamwonyesha. Baba aliweka kidole juu ya mwenye ngao. Kidole kilitetemeka, mwenye ngao akaenda kushoto, akarudi kulia, akaanguka kwenye chumba kisicho chake. Baba akamchukua tena. Mchezo ulimngoja. Haukumpigia kelele wala haukumhesabia. Alimaliza kuwapanga mama alipokuwa anasonga bukari, ugali wetu, nao walishindwa vibaya sana.

"Sasa?" baba akauliza.

"Sasa unapanga tena, Papa," yaya akasema.

Baba akavuta kiti karibu na kivuli. Sikumbuki jioni nyingine ambayo tulimwita mara nyingi vile kuja kula.

Umeme kwetu unakuja na kuondoka, kwa hiyo kazi yangu ikawa kupeleka telefone ya baba kwenye kibanda cha kuchaji, kando ya barabara ya soko. Mwenye kibanda ni mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua. Mimi ni mwoga wa watu. Nikifika namkabidhi telefone, nasimama kando ya nguzo, nangoja. Yeye ananiita Mama Kimya. Watu wanaosubiri telefone zao hawana la kufanya ila kusema, na wakati ule wote walikuwa wanasema juu ya Kupanga.

"Huu muchezo ni wa bavivu," alisema kijana mmoja anayeuza viatu vya mtumba. "Unapanga, unakunja mikono, unaangalia. Hata kuku anaweza."

"Basi lete kuku yako hapa," mwenye kibanda akamjibu. "Jana ulishindwa na mbwa. Leo kuku atakumaliza."

Kulikuwa na mama kijana anayeuza yunite za telefone chini ya mwavuli, mtoto mgongoni. Yeye alisema anaupenda kwa sababu michezo mingine inataka mikono miwili. "Na minye mukono moja iko ya mutoto," alisema. "Huu unaningojea. Nauza, nanyonyesha, narudi, bantu bangu beko pale pale, hakuna mwenye alikimbia."

Wengine walilalamika juu ya mwenye upinde, kwamba anageuka nyuma bila sababu. Wengine walisema jitu la mawe ni ghali na halina akili. Lakini lalamiko la wote lilikuwa moja: mfuko ni mdogo.

Hilo inabidi nilieleze. Ukishinda unapewa mawe: mekundu, ya bluu na ya kijani. Unaweza kuyatia kwenye silaha au kuyatupa. Watu wote wa kibanda kile walikuwa wanatupa mekundu na ya bluu, wanaficha ya kijani. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Likasi mtoto akiona jiwe la kijani njiani analitia mfukoni kabla hajaulizwa. Yaya anashuka ardhini kwa ajili ya jiwe la kijani. Tungelitupaje? Mifuko yetu katika mchezo ilijaa kijani mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine. Siku moja mama wa yunite aliiomba telefone yake itafsiri maneno madogo yaliyo chini ya mawe, akacheka mpaka mtoto akaamka. Katika mchezo ule nyekundu inaupa upanga nguvu, na bluu inaponya. Kijani ni takataka. Imewekwa humo ili uitupe.

Tulipojua, hakuna aliyeitupa. Muuza viatu alijaribu. Akasema, "Kidole kinakataa."

Nyumbani baba aliendelea kucheza kwa njia yake, na njia yake ilimfanya yaya ashike kichwa. Mtu akishapigana mara moja, baba alimtoa kwenye ubao, akamweka kwenye benchi, akaleta mwingine. Hakujali kama aliyetoka ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Alikuwa na poste, yaani zamu, ya asubuhi na ya mchana, kama kiwandani.

"Papa, huyu wa ngao eko na nguvu kupita bote. Mutie tena!"

"Huyu alishatumika kazi. Alale kwanza."

"Alale wapi? Eko mu telefone!"

"Mu telefone habalale?"

"Papa, bale habachoke!"

"Ulibauliza?"

Yaya akanigeukia mimi, mikono juu, kama mtu anayetafuta shahidi. Mimi nilikuwa naosha sahani, nikazidi kuosha.

Kingine, baba hakumwacha mtu mgeni asimame peke yake. Mpiganaji mpya alimweka kando ya aliyezoea, hata kama mahali pale hapamfai. Kwa hiyo alishindwa mara nyingi, na hakuonekana kuumia. Wakishindwa alisema, "Kesho," akawalaza wote.

Mama naye alikuwa na maoni yake. Mama anauza ndagala, dagaa wakavu, sokoni, na Jumatano na Ijumaa yuko kwenye maombi; baba alibaki Mkatoliki, mama alihamia kanisa la uamsho, na nyumbani tunawabeba wote wawili. Siku alipomwona bibi mwenye fimbo alisimama na beseni kichwani.

"Na huyu ni nani?"

"Anaponesha benzake," baba akasema.

"Anaponesha kwa jina ya nani?"

Baba akafikiri kwa uaminifu. "Haiandikwe."

"Basi akae nyuma kabisa, karibu na mulango. Nikimuona katikati ya nyumba yangu, tutasumbuana."

Tangu siku ile bibi alikaa kwenye chumba cha mwisho cha ubao. Mama akipita alikuwa anainama kidogo kuhakikisha bado yuko palepale. Nafikiri alianza kumzoea, maana siku moja nilimsikia akiuliza, "Na bibi wa mulango, alishinda?"

Sasa nafika kwenye saa.

Ndani ya mchezo kuna ukurasa ambao wachezaji wa nchi zote wanaandika maoni yao, na wale wawili waliotengeneza wanajibu. Telefone inakutafsiria, kwa Kiswahili kigumu lakini unaelewa. Siku moja mchana nilikuta kibandani watu wengi kuliko kawaida, na yaya kati yao, kwa sababu mvua ilikuwa imejaza mashimo maji na wachimbaji walikuwa wamerudi. Mwenye kibanda alisoma kwa sauti. Watengenezaji walikuwa wamewasikia wachezaji wengi wanaosema kwamba kupanga kunachosha na kwamba wengine wanachelewa mno. Katika toleo jipya wataweka saa. Kila mchezaji atapewa muda mfupi wa kupanga. Muda ukiisha, pembe italia yenyewe, awe amemaliza au hajamaliza. Walikuwa bado wanasikiliza maoni kabla ya kulitoa.

"Njo vile!" wakapiga makofi. "Sasa itakuwa muchezo ya kweli."

"Bavivu batoke!" alisema muuza viatu.

"Ulisema ni muchezo ya bavivu, na weye ungali unacheza," mwenye kibanda akamwambia. "Nani atatoka wa kwanza?"

Wakacheka. Yaya alicheka kuliko wote. Mimi nilikuwa kando ya nguzo na nilimwona baba kwa macho ya ndani: kidole juu ya mwenye ngao, mwenye ngao anaenda kushoto, anarudi kulia, na pembe inalia, na watu wake nusu wako kwenye ubao na nusu mkononi. Angejaribu siku moja, labda mbili. Kisha angeirudisha telefone kwa yaya kwa adabu, kama alivyorudisha dama, na angegeuza kiti chake kutazama ukuta.

Sijui nilipata wapi sauti. Ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Na muntu mwenye mikono inatetemeka, atafanya namna gani?"

Mwenye kibanda aliinua macho. "Eh! Mama Kimya iko na mudomo!"

"Aache," muuza viatu akasema, akiwa bado anacheka. "Aende kucheza dama."

"Dama alishaacha," nikasema. "Vipande vinaanguka."

Hapo mama wa yunite alimtazama yaya, kwa kuwa Kikula nzima inamjua baba yetu. Muuza viatu naye akaelewa, akashusha macho kwenye viatu vyake. Yaya alikuwa anakunja waya wa kuchaji kwenye kidole, anaukunjua, anaukunja tena.

Tulirudi nyumbani pamoja, tukikanyaga kando ya madimbwi. Karibu na nyumba yetu akasimama.

"Minye pia niliandika," akasema. "Batie saa. Niliandika kule ku mashimo, tukiwa tunapumuzika. Kule muda ni kidogo, unataka kucheza mbio, halafu ushuke tena. Sikuwaza Papa."

"Weye njo ulimuletea."

"Najua." Akafuta tope kwenye kiatu kwa kutumia ukingo wa ukuta, muda mrefu kuliko tope lenyewe. "Baandikie weye. Minye nitatia ba mega za internet, weye uandike."

"Minye niko polepole."

"Njo juu ya ile. Minye nikiandika ni mbio, bataona ni mbio tu."

Nilijua kitu kimoja juu ya saa. Katika mtihani wa mwisho wa la sita, mwalimu alipogonga meza na kukusanya karatasi, nilikuwa naandika sentensi nzuri kuliko zote nilizopata kuandika, na haikuwa imefika mwisho. Nilipita, lakini sentensi ile bado naifikiria. Nyumbani baba hakuniuliza alama. Aliniuliza ilikuwa inasema nini, akangoja mpaka nikamaliza.

Kesho yake, baada ya kuosha vyombo, nilikaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, karatasi magotini, ili niandike kwanza kwa kalamu kabla ya kuweka kwenye telefone. Baba alikuwa kando yangu. Nilikuwa nimemweleza habari yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, niwaambie nini?"

Akailaza telefone magotini, kioo juu.

"Bambie beko bazuri," akasema. "Bale bantu balifanya. Habagombane. Ukibaweka pamoja, kila muntu anaangalia mwenzake."

"Na saa?"

Aliweka mkono mmoja juu ya mwingine ili itulie. "Ku kiwanda bantu balikuwa banasikia sirene, banasema kazi imeanza. Minye nilikuwa nafika mbele. Giza ingali. Naangalia nani alifiwa, nani mutoto wake anagonjwa, naye sitamutia pa moto. Napanga. Halafu sirene inalia." Akapumua. "Kazi yangu yote ilikuwa mbele ya sirene, mama. Hakuna mwenye alikuwa anaipima."

Baba ananiita mama anapokuwa na jambo zito au anapotaka maji. Nikaandika. Mama alikuja kutoka sokoni akanikuta bado naandika. Akaniondolea kazi ya kuwasha mkaa bila kuambiwa. Niliyoandika ni haya, nimeyahifadhi:

"Ninyi kaka na dada mliotengeneza mchezo huu, salamu kutoka Likasi. Baba yangu anatetemeka mikono. Michezo yote imemkimbia, wenu umemngoja. Yeye hapendi sana vita, anapenda kuwapanga. Aliyepigana anampeleka akalale, mgeni anamweka karibu na mzoefu. Ndiyo maana anachelewa. Mkiweka saa, pembe italia akiwa bado anawaamsha watu wake. Kaka yangu alitaka saa kwa sababu anacheza wakati wa mapumziko ya kazi, na yeye pia ana haki. Sijui mtafanya nini. Baba anasema watu wenu ni wazuri, hawagombani. Samahani kwa makosa."

Yaya aliisoma. Akaiweka kwenye ukurasa wa maoni. Halafu chini yake aliandika yake mwenyewe, maneno machache: "Mimi ni huyo kaka. Maoni yangu ya kwanza niliandika mbio." Siku mbili zilizofuata, alipopita kibandani alikuwa anamwambia kila mtu akaseme chake pia. Mama wa yunite aliandika juu ya mkono wake mmoja. Mwenye kibanda aliandika kwamba yeye saa anaitaka, lakini siyo kwa mzee. Muuza viatu hakuandika. Ila nilipokuja tena alisogea akanipa mahali pa kukaa.

Jibu lilikuja wakati yaya alikuwa amekwisha kurudi kwenye mashimo. Nilisoma mimi, nikisimama palepale kibandani, na safari hii mwenye kibanda hakunitania.

Waliandika kwamba wamesoma wote wawili, na dada alisoma tena peke yake. Walikuwa na maswali. La kwanza: ni kweli baba anawalaza wapiganaji? Maana wao hawakuweka uchovu katika mchezo. Aliyepigana na asiyepigana ni sawasawa, hakuna faida yoyote kumtoa. La pili: kwa nini watu wa kwetu hawatupi mawe ya kijani? Walikuwa wameiona mifuko yetu kwenye kompyuta zao, wakafikiri mchezo una kasoro katika telefone zetu.

Nilimsomea baba lile la kwanza kwa woga, nikidhani atahuzunika kusikia kwamba kazi yake yote ya kuwalaza ilikuwa bure. Alicheka. Ni kicheko kidogo siku hizi, kinatoka puani.

"Bambie najua," akasema. "Yaya yako alishanielezea mara mingi. Lakini nikibaacha basimame, ntakaa hapa na raha namna gani?"

Nikawaandikia hivyo. Na juu ya kijani niliwaandikia kwamba huku kwetu lile ndilo jiwe lenye shaba, kaka yangu yuko chini ya ardhi leo kulitafuta, na kidole kinakataa.

Kisha hawakujibu tena. Mchezo ulibaki kama ulivyokuwa, na kila nilipouchaji niliogopa kufungua. Baba aliendelea kupanga kama kawaida, ila nilimwona akiwatazama watu wake muda mrefu baada ya kumaliza, kama mtu anayekaa kidogo na wageni kabla hawajaondoka.

Toleo jipya yaya ndiye aliyelileta, Jumamosi. Aliingia na tope lake, hakunawa. Alikuwa amelipokea njiani na hakutaka kulifungua peke yake. Akachuchumaa mbele ya kiti cha baba, mimi nikainama nyuma, mama akasema yeye hana muda wa mambo ya mashetani, akaja akasimama.

Saa ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kona, duara jekundu. Yaya akaigusa. Duara likageuka bundi mdogo aliyefumba macho, na pembeni maneno ambayo telefone ilitutafsiria: "Panga kwa muda wako." Anayetaka saa anaiacha, asiyeitaka anaigusa igeuke bundi. Yaya akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo.

Mfuko nao ulikuwa umebadilika. Mawe ya kijani bado ni takataka, hayafanyi kitu chochote. Ila walikuwa wameongeza mfuko wa pili, mkubwa, wa kuyawekea.

"Hata thamani kidogo habakuitia!" yaya akalalamika. Lakini alikuwa anacheka, na nilimwona anahamisha mawe yake yote.

Baba hakuwa anasikiliza. Alikuwa amekwisha kuanza. Alipanga poste ya asubuhi, akagusa pembe, wakapigana, safari hii wakashinda. Halafu, kama siku zote, akamchukua mwenye ngao, kidole kikienda kushoto na kulia, akamfikisha kwenye benchi, akamwacha.

Zamani waliokuwa kwenye benchi walisimama tu, macho wazi, wanangoja. Sasa mwenye ngao aliweka ngao chini. Akakaa. Kisha akajilaza juu ya ngao yake, akajikunja, akafumba macho, na kifua chake kikaanza kupanda na kushuka.

Baba akamleta mwenye upinde. Naye akalala, upinde chini ya kichwa. Akalileta jitu la mawe, likalala chali. Akaenda mpaka kwenye chumba cha mwisho, karibu na mlango, akamchukua bibi mwenye fimbo; bibi alipolala alijifunika shali yake, na mama akasema "Eh!" kwa sauti ya chini kabisa.

Kwenye maelezo ya toleo jipya kulikuwa na mstari mmoja juu ya jambo hilo. Walisema halibadilishi nguvu wala ushindi. Limewekwa kwa ajili ya mchezaji mmoja.

Yaya alianza kusema kitu kwa nguvu, kama tabia yake. Baba aliinua mkono wake unaotetemeka, akauweka mbele ya mdomo.

"Polepole," akasema. "Aba balishatumika."

Yaya akanyamaza, akaenda kunawa kwa maji kidogo ili ndoo isigonge.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyaeleza. Bado anacheza. Mikono haijapona, na daktari hakutuahidi kitu. Ila asubuhi anauliza kama telefone ina moto, yaani chaji, na wale wenzake wa dama, wawili kati yao, wamekuja kukaa naye, kila mmoja na maoni yake juu ya nani asimame wapi. Wanabishana sana. Chai ikimwagika hawainami haraka.

Ninyi mliosoma mpaka hapa, nina ombi, nalo ni gumu kwangu kuliomba. Niandikieni. Kama kwenu kuna mtu anayecheza mchezo wa namna hii, niambieni anawafanyia nini watu wake vita vikiisha, nami nitamsomea baba uani. Jibu lenu mpeni yule aliyewapa karatasi hizi. Anaijua njia ya kwetu. Msijali herufi, wala msiharakishe. Mimi pia, kuwajibu, nitachelewa kidogo.